Sarafu Haibandikiki

Mimi ni muuza duka. Duka langu liko Ruangwa mjini, karibu na soko: mlango mmoja, kaunta moja, mizani moja, na sanduku la chenji ambalo kwa sehemu kubwa ya maisha yake limejaa pipi. Nasema hivyo bila aibu, maana hakuna mwenye duka katika wilaya hii anayeweza kuninyooshea kidole. Msimu wa korosho mteja anaingia, katoka kupokea malipo yake, noti za elfu kumi zimesimama mfukoni, anataka kiberiti. Unamtazama, naye anakutazama. Unafungua sanduku, unachungulia, unafunga. Unamshauri aongeze sukari, aongeze sabuni, aongeze na mafuta ya kula, mpaka mnafika mahali ambapo chenji iliyobaki inaweza kulipwa kwa pipi. Kaja kununua kiberiti, anaondoka na mzigo kichwani na pipi mdomoni, mtu mzima mwenye ndevu.

Kuna mama mmoja aliwahi kuzikusanya pipi zangu mwezi mzima, akaja nazo kununua chumvi. Nilikataa. Akaniuliza kwa nini zikitoka kwangu ni hela na zikirudi kwangu ni pipi. Nikampimia chumvi yake.

Kwa hiyo sarafu ya mia tano ilipotoka, tulioshangilia zaidi ni sisi wenye maduka. Redioni walieleza vizuri: noti ya mia tano inapita mikono mingi, inachakaa kabla ya wakati wake, kuichapa kila mara ni hasara, sarafu itadumu. Walikuwa na haki. Noti ya mia tano ya kwetu ilikuwa imepita kila mahali, kwenye ndoo ya dagaa, kwenye mfuko wa kibarua wa korosho, kwenye sidiria ya muuza mihogo, na ukiipokea ulijua ilikolala jana. Sarafu ilikuja inang'aa, upande mmoja nyati, upande mwingine kichwa cha mzee wa heshima. Niliipanga kwenye sanduku kwa mafungu kumi kumi nikasema sasa pipi zitarudi kuwa pipi.

Sikujua kwamba sarafu haikuja kuwa chenji, ilikuja kuwa bei. Fungu la nyanya lilikuwa mia tatu. Likawa mia tano, kwa sababu nani ana mia mbili ya kurudisha? Mihogo ya kukaanga ikafuata. Bodaboda ambaye jana alikupeleka hospitali kwa mia nne, leo anakunja uso mpaka unamwachia nyati mzima. Na hakuna aliyepandisha bei, ukimuuliza mtu yeyote pale sokoni atakuapia. Kila mmoja alikuwa hana chenji tu.

Mtu pekee aliyeichukia sarafu hiyo tangu siku ya kwanza ni mama yangu, na hakuichukia kwa ajili ya nyanya.

Mama anaishi Chiola, upande wa Nachingwea, kwenye nyumba niliyozaliwa, na mikorosho yake na kipande cha ufuta. Nilimpelekea sarafu ya kwanza kwa majivuno, utafikiri nimeifua mwenyewe. Aliigeuza. Aliing'ata. Kisha akaibandika kwenye paji la uso wake, akaikandamiza kwa dole gumba, akaachia. Sarafu ikaanguka kwenye sufuria ya kisamvu.

"Haibandikiki," akasema, akaendelea kutwanga karanga.

Huko kwetu mwali akitolewa unyagoni, siku ile ya kuonyeshwa kwa watu, hukalishwa mkekani amepakwa mafuta, na wanawake hucheza mbele yake wakimtunza. Kumtunza ni kumbandika noti: kwenye paji la uso, ambako mafuta na jasho vinaishika, au kwenye khanga, kwa pini. Hakuna anayejumlisha. Kinachotazamwa ni mtoto kafunikwa kiasi gani. Na noti iliyofaa kazi hiyo ilikuwa mia tano. Hata mwenye mikorosho mitatu aliweza kuzitafuta chache, na ilionekana mpaka uani. Ukitaka kutunza kwa elfu moja moja, ngoma ya nne inakukuta umekaa chini unajifanya mguu unauma.

Siku yangu mimi, malipo ya korosho yalikuwa hayajafika. Mama alikuwa na sarafu moja ya shilingi mia. Aliifunga kwenye ncha ya khanga yangu, akacheza kuliko wote, akacheza mpaka sauti ikamkauka. Pembeni yangu alikaa binti wa jirani yetu, tumetolewa siku moja, kabandikwa noti kuanzia kichwani mpaka magotini, haonekani hata pua. Jirani yule, mama yake, akanitazama akasema kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu, "Wa mwenzangu kavaa upepo." Watu wakacheka. Jina hilo lilinifuata mpaka nikaolewa, na wako watu wa Chiola wanaonipigia simu hadi leo wakianza na "Mwali wa upepo, habari za Ruangwa." Ninawajibu vizuri. Lakini liliniuma, na linaniuma.

Mama hakuwahi kulizungumzia. Ila nilipojifungua mtoto wa kike alikuja wodini na uji, akamfunua, akamtazama, akasema, "Huyu hatavaa upepo." Kisha akauliza kama nimekula.

Basi sarafu ilipoanza kuzifukuza noti, mama akaanza kuzisaka. Alikwenda magulioni, akafika hadi Mtua, na kibindo cha sarafu mpya zinazong'aa, akiwaomba wauzaji wambadilishie noti zilizochanika. Walidhani ana kasoro. Noti aliyoipata aliifua kwa sabuni kidogo, akaianika kivulini, akaipiga pasi ya mkaa, kisha akaishona kwenye khanga yake moja nyeupe, kwa uzi mwekundu. Alikuwa na kibunda kikubwa cha uzi huo. Nilimuuliza kwa nini anazishona wakati siku yenyewe bado. "Noti isiyoshonwa inahama," akasema, na kwa mtu aliyelima korosho maisha yake yote sikuona la kubishia. Mwaka baada ya mwaka khanga ikajaa: mistari kumi na miwili, noti kumi kila mstari. Nilizihesabu mwenyewe. Mia na ishirini.

Binti yangu alikuwa amekua, tumeshapanga atoke unyagoni likizo ya mwezi wa sita, ufuta ukishauzwa. Ndipo redio ikatangaza kwamba noti za zamani zinaondolewa, na ile ya mia tano imo. Imetolewa miezi kadhaa ya kuzibadilisha benki. Baada ya hapo ni karatasi. Nilipanda gari siku hiyohiyo. Nilimkuta mama kaketi na redio mapajani, kaizima.

"Mtoto anatoka lini?"

"Mwezi wa sita, mama."

"Na noti zinakufa lini?"

"Kabla ya hapo. Mvua haitakuwa imekatika."

Alifikiri. "Hawakuweza kutusubiri?"

Nilimwambia Benki Kuu haikuwa na habari za mwali wetu. Akasema noti hata ikifa inabandikika vilevile, maiti haipotezi sura. Hapo nikapandisha sauti, na si vizuri kumpandishia mama sauti, lakini nilipandisha. Nilimwambia hela za kutunza ni za mwali. Mtoto anarudi shule, anataka sare, viatu, madaftari. Mwenye duka la sare hatapokea maiti. Mama alikunja khanga ile taratibu. "Kama ni shule, sawa," akasema. "Twende."

Benki ya Nachingwea siku ile ilikuwa imejaa watu na vibunda vyao, noti zinazonuka udongo na noti zinazonuka dawa ya nondo. Zamu yetu ilipofika mama aliitandaza khanga yote juu ya kaunta. Dada wa dirishani, msichana mwenye kucha ndefu na adabu nzuri, alimwamkia kisha akabaki ameduwaa.

"Mama, hii ni nguo."

"Ni nguo ya hela, mwanangu. Hesabu."

Dada akamwita mkubwa wake. Mkubwa akamwita mkubwa wake. Mlinzi akaacha mlango akaja kutazama. Mzee mmoja nyuma yetu akauliza kama wanapokea na magodoro. Wakubwa wakakaa kikao cha kusimama, wakatoa uamuzi: benki itapokea noti, haitapokea khanga. Tukapewa benchi, nikatumwa wembe, na mimi na mama tukakaa ndani ya taasisi ya fedha tukifumua uzi mwekundu mpaka saa saba mchana. Mashine yao ilizitema noti kwa sababu ya matundu ya sindano. Dada akazihesabu kwa mkono, akilowesha kidole.

"Mia na kumi na tisa."

Niligeuka kumtazama mama. Mama yangu anaweza kubishania kitunguu kimoja mpaka muuzaji afunge genge. Siku ile alikuwa anasoma kalenda ya ukutani, na mama hajui kusoma.

"Ni hizo hizo," akasema.

Nikadhani nilihesabu vibaya, au moja imechanikia mikononi mwetu. Dada akatoa malipo: elfu kumi tano, elfu tano moja, elfu mbili mbili, na sarafu moja ya mia tano. Elfu hamsini na tisa na mia tano, kamili. Mama akazipanga kwenye kaunta, moja moja.

"Nimekuletea mia na kumi na tisa, unanipa nane na kijiwe."

"Thamani ni ileile, mama."

"Thamani naijua. Nane hazifuniki goti."

Dada alimtazama kwa huruma, kwa kuwa alisoma uchumi na hakuna somo lililomfundisha goti. Akauliza basi anataka apewe nini. Mama akasema kama noti za mia tano hamna, nipe hizo sarafu zenu, ila ziwe mia na kumi na tisa. Uso wa dada uling'aa. Nadhani walikuwa na magunia ya sarafu huko ndani yasiyo na mtu wa kuyataka. Alituletea haraka, akatushukuru, ni mara yangu ya kwanza kushukuriwa na benki.

Nje, mama alitaka kujua uzito. Tulisimama kwa muuza mchele akatupimia: kilo moja na kidogo. Nimepima sukari maisha yangu yote, nimepima dengu na misumari, siku ile niliona hela juu ya mizani. Muuza mchele akauliza kwa uungwana tunauzaje kilo.

Kutoka hapo mama akaniongoza moja kwa moja hadi kwa fundi wa vyuma karibu na stendi. Njiani akanieleza mpango. Mama yake yeye, bibi yangu, alikuwa na shanga zilizotungwa na hela za zamani za mkoloni, zile zilizokuwa na tundu katikati. "Mkoloni hakuwa na wema," akasema, "lakini tundu alituwekea." Fundi alimsikiliza, akaichukua sarafu, akaishika kwa koleo, akawasha mashine ya kutobolea, akaizima.

"Mama, hapa kuna kichwa cha mzee. Nikimtoboa, nitalala wapi leo?"

"Geuza. Toboa nyati."

"Nikiingilia kwa nyati natokea kwa mzee."

Wakaigeuza mara kadhaa, wote wawili, kichwa kwa kichwa. Hapakuwa na njia. Fundi akasema kuharibu fedha ya serikali ni kosa, yeye ana watoto, akarudisha sarafu kwa mikono miwili. Moyoni nilimshukuru, nilikuwa nimeshajiona kituoni nikieleza habari za mwali.

"Basi nitazishona," mama akasema.

"Utashonaje kitu kisicho na tundu?"

"Wewe rudi dukani kwako."

Nikarudi dukani kwangu. Kosa langu lote liko hapo: sikuuliza tena.

Mwezi wa sita nilifika Chiola na mchele, mafuta, sukari na kreti za soda. Binti yangu alikuwa ndani na kungwi, haonwi na mtu. Uwanja ulijaa. Jirani yetu, yule yule, alikaa mbele kabisa, kanenepa, kavaa vizuri, na nilimwona akiniona. Ngoma zilikuwa moto, vigelegele vimepanda, mlango ukafunguliwa na mwali akatolewa.

Vigelegele vikakatikia njiani.

Mama alikuwa amekata kaniki, ile nguo nyeusi ngumu, vipande vidogo vidogo. Kila sarafu ameiviringisha kwenye kipande chake, akakikaza kwa uzi mwekundu uliobaki, akakishonea kwenye khanga nyeupe ya mwanzo. Kwake yeye ilikuwa akili ya kawaida: kaniki haichaniki, na uzi anao. Lakini mbele ya watu alisimama mtoto aliyevikwa vifundo vyeusi vyenye uzi mwekundu, shingoni, kifuani, kiunoni, hadi miguuni. Kila mtu uwanjani aliona hirizi. Hirizi moja watu wanaivumilia. Mbili wananong'ona. Hapa zilikuwa mia na ushei, na zilikuwa zinagongana kwa sauti ndogo ndani kwa ndani kila mtoto akipumua.

Mpiga ngoma aliweka mikono mapajani. Wanawake wa mstari wa mbele wakawa wa mstari wa pili. Kungwi, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akiogopa kitu, akarudi nyuma hatua tatu akajifanya anatafuta kiatu. Na jirani akasema kwa sauti ya kila mtu, sauti ileile:

"Jirani, umetuitia ngoma au umetuitia mganga?"

Mwali haruhusiwi kusema wala kuinua macho. Binti yangu alikaa mkekani katazama chini kama alivyofundishwa, hajui kwa nini hakuna anayemkaribia. Nilijiona mimi pale pale, kwenye mkeka uleule, na upepo ule. Nilitaka kusimama nikashindwa. Nina mdomo wa kumjibu mkaguzi wa mizani, siku ile sikuwa nao.

Mama mwanzoni alikuwa anatabasamu. Alidhani wameduwaa kwa uzuri wa kazi yake. Alipoliona chozi la mjukuu wake likidondoka kwenye kaniki ndipo akaelewa, na alipoelewa alikasirika kwa namna ambayo sijaiona kabla wala baada. Alipiga magoti, akashika kifundo kimoja kwa meno, akakichana, akatema uzi, akainua sarafu juu.

"Hirizi gani? Hirizi gani, enyi watu? Hii ni mia tano!" Akaanza kupiga vifundo kwa kiganja, kimoja kimoja. "Mia tano! Mia tano! Hii nayo mia tano! Mlitaka nizibandike kwa mate?"

Kisha mtu akacheka huko nyuma, si kicheko kibaya. Jirani alisimama. Akaja mpaka mkekani, akaipokea sarafu mkononi mwa mama, akaing'ata, akaitazama. Nilikaza roho nikisubiri neno lake. Alipiga magoti kwa shida, akafumua kifundo cha pili kwa kucha, akaangalia huku na huku, akaona beseni la mafuta ya mwali limebaki tupu, akaitupia humo sarafu.

Ikalia. Ilikuwa sauti kubwa kuliko kitu chenyewe, na noti, tuseme ukweli, haijawahi kulia. Mpiga ngoma akaitika. Jirani akacheza, akafumua nyingine, akatupa, ikalia. Basi uwanja wote ukaja juu ya mtoto wangu. Kila mwanamke alitaka kifundo chake, wengine kwa meno, wengine kwa wembe, kungwi naye kiatu kakipata, wanafumua, wanacheza, wanatupia, na waliochelewa kupata vifundo wakaanza kutoa za kwao vibindoni, maana nani atakubali beseni lilie kwa mwenzake lisilie kwake. Kwa mara ya kwanza katika maisha ya sarafu ile niliona watu wakiitoa bila kudai chenji. Mwali akaishia amekaa na khanga ya vitambaa vilivyochanika, hana hata sarafu moja mwilini, na mbele yake beseni lisilonyanyulika kwa mkono mmoja.

Mimi nilikuwa nimeshakimbilia jikoni, ndiyo dawa yangu. Mama alinifuata huko. Alikuwa na kifundo kimoja cheusi mkononi, cha bapa.

"Njoo ukae."

"Mama, wali utaungua."

"Uungue. Kaa."

Alinivuta mpaka uwanjani, akanikalisha kwenye mkeka pembeni ya binti yangu, mimi mama mtu mzima na aproni yangu ya masizi. Akafumua uzi. Ndani hapakuwa na sarafu. Ilikuwa noti ya mia tano, imefuliwa, imepigwa pasi, ina matundu ya sindano kwenye pembe nne. Ile ya mia na ishirini.

Akachovya kidole kwenye mafuta ya bega la mwali, akanipaka kwenye paji la uso, akaibandika, akaikandamiza kwa dole gumba. Akaachia. Ikashika.

"Nilichelewa," akasema. "Korosho hazikuwa zimelipwa."

Nililia mbele ya Chiola nzima, sikujali nani ananiona. Jirani alikuja akacheza mbele yangu, kimyakimya, kichwa kainamisha. Mama naye alicheza, sauti ikamkauka tena.

Sare ilinunuliwa, na viatu, na madaftari, na mwenye duka la sare alilalamika siku nzima kuhesabu sarafu. Noti yangu haina thamani tena, hainunui hata njiti moja ya kiberiti. Ninaiweka dukani, kwenye sanduku la chenji, chini kabisa. Juzi mteja mmoja alichungulia akaiona, akasema hiyo hapo mia tano, nipe hiyo hiyo basi.

Nikampa pipi.